Mushipa ya Papa Trésor

Kazi moja, Jumatatu tarehe 3 mwezi wa tatu
Mvua tangu asubuhi. Niliwasha mbabula ya makala, nikapika uji, nikamugombeza bwana yangu, Papa Trésor. Alibeba ndoo ya maji tena! Dokta alikataza. Mushipa mukubwa ya damu mu tumbo yake imevimba, siku moja itapasuka. Bamupasue ku Lubumbashi, njo dawa yenyewe. Yeye hataki. Anasema mutoto wetu alimuambia kuna dawa inakuja. Miaka yote mu kiwanda ya shaba ya Shituru, moto na asidi, hakuogopa. Sasa anaogopa kisu. Nimechoka naye.

Kazi tatu, tarehe 5
Nilipigia mutoto wetu Trésor simu. Anasoma biolojia ku Lubumbashi. Alinifasiria polepole. Mu ukuta ya mushipa kuna misuli laini, inakaza na kulegea yenyewe. Kila mara selile zake zinagawanyika, ncha za nyuzi za urithi zinafupika, sawa pindo ya kitenge kwa kufuliwa. Mwisho selile inazeeka, ukuta inalegea. Kuna kitu kinaitwa telomerasi, kinarudisha ncha. Bantu ba maabara banatia jeni yake ndani ya selile. Selile za mu sahani ya kioo. Na za panya, basi.
"Na bantu?"
"Bado, mama."
Anasema alimuambia baba yake vilevile. Papa Trésor alisikia "dawa". "Bado" hakuisikia.

Siku ya Mungu, tarehe 9
Haya gani hii! Kisha misa kuisha, mbele ya shirika yetu yote ya kanisa, Papa Trésor alisimama akaomba bashukuru Mungu juu ya dawa ya kurudisha mishipa ujana. Bakapiga makofi. Jioni wazee wawili ba kazi yake ya zamani bakakuja kuuliza na bao batapata dawa ile wapi. Mumoja na kuku mukononi. Nilimurudisha na kuku yake. Nikapiga kelele mpaka majirani bakatoka inje.
"Weye unangojea dawa ya panya! Mushipa itakungojea?"
Nilimuona ameumia, nikafurahi kidogo. Minye ni mubaya.

Siku ya posho, Jumamosi tarehe 15
Trésor alikuja kumuambia baba yake kweli yote.
"Miaka ngapi?" mzee akauliza.
"Sijue, papa. Pengine mingi."
Papa Trésor alifungua kabati, akatoa shati yake ya safari. "Basi twende ku kisu."
Nilienda kulia ku choo.

Kazi ine, tarehe 27
Lubumbashi. Bamemupima. Moyo imechoka, haitavumilia kisu. Hakuna ingine ya kufanya.
Kama tungekuja mapema? Niliuliza. Dokta aliangalia dirisha. Asibebe kitu, akasema, asikasirike.
Papa Trésor hakuwa pale. Trésor akamuambia batamupasua kisha mvua kuisha. Minye nikaitika. Sisi wote wawili tulimudanganya.

Siku ya Mungu, tarehe 30
Nyumbani. Jua kidogo. Papa Trésor alimwaga chai ku kitambaa cheupe, kile ya ndoa yetu. Nilipangusa. Nikamuwekea chai ingine.
Aliniangalia sana.
"Mama Trésor, hunigombeze?"
Nilitafuta neno, hata moja ya matusi. Haikukuja.
"Ah," akasema. "Njo vile. Kisu hakuna."
Akavuta kiti yake karibu na yangu, akakunywa chai.