Usafiri wa Kwenda Măgurel

Jumapili, 7 Julai 2019

Ujumbe kutoka kwa Ilinca! Nilikuwa nachoma pilipili hoho, nikaziacha zikaungua. Nayanakili maneno yake hapa, yasije yakapotea kwenye simu: "Tuna tamasha Jumamosi tarehe 20, kijiji cha Măgurel, nje, uwanja wa kanisa la ngome. Saa kumi na mbili jioni hadi mbili na nusu. Baada ya mapumziko kuna kipande napiga peke yangu. Ukipenda."

Ukipenda. Neno hilo nimelisoma mara kumi. Si "njoo". Si "usije". Hivyo ndivyo mtu anavyomwalika mama yake, au ndivyo anavyomwalika jirani?

Miaka miwili na miezi minne sasa tangu nirudi kutoka Italia, na sijawahi kumsikia binti yangu akipiga selo mbele ya watu. Nimemsikia kwenye simu tu, kule Bergamo, bibi niliyekuwa nikimuuguza akiwa amelala chumba cha pili. Sauti niliipunguza hadi nikawa nasikia nusu na nusu naibuni.

Nimejibu: "Nitakuja." Kisha nikakaa. Nitakuja na nini?

Jumatatu, 8 Julai

Nimekwenda stendi hapa Mediaș. Ratiba mpya wameibandika juu ya ratiba ya zamani, na ya zamani juu ya nyingine, ukutani pana unene wa kidole. Dirishani mwanamke anatafuna mbegu za alizeti. Măgurel? Jumamosi kuna basi dogo moja tu. Linaondoka saa saba mchana, linarudi saa moja na nusu jioni, linapakia pale pale mbele ya kanisa. Nikamwambia tamasha linaisha saa mbili na nusu. Akasema, "Basi haliendi tamashani, mama. Linakwenda kijijini."

Nililicheka jibu hilo njia nzima, peke yangu. Mtu mmoja aligeuka kunitazama.

Lakini saa moja na nusu ndiyo saa ya mapumziko! Yaani niende, niwasikilize wengine wote, halafu niondoke kabla yeye hajapiga. Halifai. Treni inasimama kilomita sita kutoka kijijini, mlima mtupu, na ya kurudi ni alfajiri. Nina miaka sitini na miwili. Dereva wa teksi anataka lei mia tatu, kwenda, kungoja na kurudi. Ninazo. Ila kufika kwenye tamasha la mwanangu na teksi ikiningoja nje kama mke wa waziri — hapana. Ataninunia.

Jumatano, 10 Julai

Bi Veta wa ghorofa ya chini alikuwa kwenye benchi mbele ya jengo, anatoa kokwa za cheri. Nikajisahau, nikamweleza shida yangu.

"Shoga, binti yako si ana gari? Jeupe. Nililiona Pasaka."

Nikasema analo.

"Sasa unahangaika na mabasi ya nini? Mpigie!"

Nikasema ana kazi nyingi, mazoezi. Akaendelea na cheri zake. Mikono myekundu hadi vifundoni. Halafu akasema kwamba wake yuko Uhispania, gari analo pia, lakini halivuki Ulaya nzima. Wangu yuko Sibiu, mwendo wa saa moja. Amesema kweli Bi Veta. Nilimchukia jioni nzima.

Nitamwomba Ilinca kwa mdomo gani? Nilimwacha na mama yangu akiwa na miaka minane. Baba yake alikwisha kwenda zake zamani. Kila mwezi nilituma kifurushi na yale magari ya Waromania yanayobeba mizigo na abiria kutoka Italia: viatu, chokoleti, baadaye daftari za nota, baadaye hiyo selo. Gari lilifika Jumapili nyuma ya soko. Mama alinihadithia, miaka mingi baadaye, kwamba Ilinca alikuwa wa kwanza kufika pale, na mizigo hakuiangalia. Aliangalia wanawake wanaoshuka. Alipofika miaka kumi na miwili akaacha kwenda.

Mimi nilirudi akiwa na ishirini na mitano. Hanigombezi. Afadhali angenigombeza! Ananisalimia kwa adabu zote, ananiuliza afya, ananiaga. Hivyo hivyo angemsalimia mwalimu mkuu wake.

Ijumaa, 12 Julai

Nimepata! Mzee Sandu wa ghorofa ya tatu. Gari lake kuukuu kuliko Ilinca, mlango mmoja wa rangi tofauti, lakini linakwenda.

"Jumamosi? Nakupeleka, Leontina. Na nakungoja."

"Ni muziki wa okestra, Mzee Sandu. Utachoka."

"Nitalala garini. Wakimaliza unigongee kioo."

Jengo zima litasema tumeanza mambo. Waseme! Nina miaka mingapi sijasemwa. Nimefua gauni la bluu, ndilo langu pekee la kutokea.

Jumanne, 16 Julai

Ilinca kaandika: "Unakuja na nini?"

Nikajibu: "Jirani ananileta na kunirudisha. Usijisumbue."

"Sawa."

Nilifurahi kwa muda. Mambo yangu yamepangwa, simlemei mtu. Halafu nikiwa naosha vyombo nikajiuliza — kwa nini aliuliza? Mtu huuliza unakuja na nini kwa sababu anataka kujua, au kwa sababu ana nafasi garini. Nami nimemfungia mlango na komeo. "Na kunirudisha." Nani alikuwa ameniuliza kuhusu kurudi?

Alhamisi, 18 Julai

Nina aibu hata kuandika.

Mzee Sandu amebisha hodi, kofia mkononi. Nikajua. "Leontina, nisamehe, mimi mpumbavu. Niliangalia siku, tarehe sikuangalia. Jumamosi ni Mtakatifu Ilie!" Marehemu kaka yake alikuwa Ilie. Kila mwaka siku hiyo anakwenda kaburini na mishumaa na mkate, kijijini kwao, upande mwingine kabisa wa bonde. Shemeji yake anapika, wanagawa chakula kwa roho ya marehemu. Hawezi kukosa, na mimi siwezi kumwomba akose. Nikamwambia haidhuru.

Alipokwisha kushuka ngazi ndipo iliponiingia. Mtakatifu Ilie. Ilinca! Ni sikukuu ya jina la Ilinca!

Mwanangu alinialika siku ya jina lake. Kila mwenye jina litokanalo na Ilie siku hiyo anapigiwa simu, anabusiwa, anakaa na watu wake. Mama yangu alikuwa akimwokea keki, akimvalisha, akimpeleka kanisani. Mimi kule Bergamo nilikumbuka siku ya kuzaliwa tu, maana imeandikwa kwenye hati. Sikukuu za majina zilinitoka kichwani moja moja, pale hakuna aliyezishika. Na yeye hakunikumbusha. Aliandika tarehe tu, akaacha nione mwenyewe. Nami nikamjibu habari za usafiri!

Huenda ndiyo maana ya "ukipenda". Huenda ni mtihani, na ningefeli kama si kaka wa Mzee Sandu kufa.

Nimemwandikia: "Jirani hawezi tena. Nitasimama pale kwenye kiwanda cha mkate, saa tisa, niombe lifti."

Akajibu: "Bado kuna watu wanasimama pale?"

Nikaenda kupima unga wa keki.

Ijumaa, 19 Julai

Nimeoka keki ya cheri. Imekatika katikati nilipoitoa. Nimeiunga na sukari ya unga. Joto kali. Basi la saa saba lingenikalisha kule saa nne nzima kabla ya tamasha, sitaki. Kurudi bado sijui.

Jumamosi, 20 Julai, mchana

Naandika nikiwa nimekalia ukingo wa barabara, kivuli cha ukuta. Kiwanda cha mkate kimefungwa, sasa wanauza matairi. Zamani nilipokuwa kijana, hapa kungekuwa na watu ishirini, Jumamosi kama hii, na vikapu, na kuku. Unashusha mkono chini, unaupunga kidogo, gari linasimama, dereva anauliza unakwenda wapi. Ukifika unaweka nauli kwenye dashibodi, humpi mkononi, na hakuna anayeitaja. Nilidhani bado iko hivyo.

Dakika arobaini. Magari kumi na saba. Mmoja kapiga honi na kucheka. Kijana wa matairi katoka kuniambia siku hizi watu wanapatana kwenye simu, kuna kundi, unaandika unakokwenda. Akanipa maji ya baridi.

Sukari kwenye keki inayeyuka. Nitangoja nusu saa nyingine, halafu —

Gari limesimama. Jekundu.

Jumamosi, saa moja na robo jioni, Măgurel

Wako mapumzikoni. Niandike upesi, goti ndiyo meza.

Aliyenichukua ni msichana, Smaranda, nywele fupi. Garini kiti cha nyuma amelaza fidla, ameifunga mkanda kama mtoto mchanga. "Unakwenda Măgurel, mama? Panda, panda, hiyo keki nishikie isije ikaruka." Tukazungumza habari za joto, za mahindi, za mashimo barabarani. Nikamwambia binti yangu anapiga selo. Akasema, "Anapiga vizuri." Nikadhani ni adabu tu.

Tulipofika nikaweka lei thelathini kwenye dashibodi, nikafungua mlango. Akazichukua, akanirudishia mkononi.

"Ilinca alisema utaziweka hapo. Akanikataza kuchukua hata moja."

Nilisimama mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje.

"Amekutuma?"

"Amesema nipite kwenye kiwanda cha mkate, nitakuona na gauni la bluu. Mimi mwenyewe nimechelewa, nimepotea mara mbili. Usimwambie."

Nikamuuliza, kwa hiyo utanirudisha wewe? Akasema hapana, yeye akimaliza anakwenda Cluj, si njia yangu. "Habari za kurudi nilimuuliza. Alisema wewe kurudi unajipangia mwenyewe."

Hakuwa na ubaya, msichana yule. Alilisema tu jinsi alivyoambiwa.

Nimekaa safu ya tano, pembeni, chini ya ukuta wa ngome. Majani yamekatwa leo, yananukia. Walipiga sehemu ya kwanza, na Ilinca yuko wa pili kutoka kushoto, sikumwondolea macho. Anafunga nywele kama mama yangu. Hilo sikulijua. Nililia, ndiyo. Mzee wa pembeni alinipa leso, nikakataa, nikatumia mkono.

Mapumziko yalipoanza watu wakamzunguka. Kila mtu anambusu, anamtakia heri ya siku ya jina. Maua. Nilingoja wapungue na keki yangu iliyovunjika. Nikamwambia, "Heri ya siku ya jina lako, mwanangu." Akainama nimbusu shavu. Akasema, "Umekumbuka." Nikasema ndiyo. Uongo! Nusu uongo.

Kisha akaniuliza: "Unarudi na nini?"

Na mdomo huu — mdomo huu! Ukajibu wenyewe: "Na basi la saa moja na nusu. Usijisumbue."

Akanitazama. "Kwa hiyo hutanisikia."

"Nitakusikia kidogo nikiwa kituoni."

Kidogo! Kituoni! Nani anasema maneno hayo kwa mtoto wake? Aliitazama keki, akaweka kipande cha sukari ulimini kwa ncha ya kidole. Akasema, "Basi nenda mapema, mama, basi hilo hujaa haraka." Akaondoka. Alisema mama. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyekwisha kuzoea.

Naogopa nini? Kwamba nikisema "sina usafiri" atasema "tutatafuta mtu". Kwamba mtu huyo hatakuwa yeye. Hilo tu. Naogopa hilo kuliko kilomita thelathini kwa miguu.

Basi dogo limefika. Limesimama langoni, mlango uko wazi. Wanapanda mabibi wawili na mwanaume mwenye ndoo ya aprikoti, yale matunda madogo ya njano. Kuna viti. Bibi mmoja ananipungia, amenishikia nafasi, labda ameniona stendi.

Wanamuziki wanarudi. Smaranda. Wazee wa tarumbeta. Wanasogeza kiti kimoja mbele, katikati, peke yake. Ilinca ameketi.

Dereva kapiga honi. Watu wanamsonya. Kapiga tena.

Nikiinuka sasa nitalipata. Nitakuwa nyumbani saa mbili na nusu, nitakula pilipili hoho, nitamwandikia kwamba ilikuwa nzuri sana.

Naandika ili mikono iwe na kazi.

"Mama wa keki!" Anapaza sauti, dereva, toka langoni. "Unapanda au hupandi?"

Safu nne zimenigeukia. Kiongozi wa okestra amenigeukia. Ilinca naye, upinde mkononi.

Nimetikisa kichwa. Hapana.

Kwa sauti nimesema, hata sijui kama nimesema, "Sipandi."

Mlango umefungwa. Basi limeondoka, vumbi linaingia langoni, na Ilinca amelitazama hadi likapinda kwenye kona. Sasa ananitazama mimi. Upinde uko juu ya nyuzi. Bado hajaanza.