Kwa Nini Tunageuza?

Kalitola, 3 Februari

Baba mpendwa,

Asalaam aleikum. Sisi huku wazima, baridi tu ndiyo inatuonea. Goti lako linasemaje?

Baba, nina shida. Madawati ya darasa langu la tano nimeyapanga kwa duara, watoto wajadili hesabu wenyewe kwanza, nami nizunguke nikiwasikiliza. Majirani wanasema ni soko la samaki. Sasa mwenyekiti wa kamati ya shule, Badrul, anasema nisiporudisha safu kabla mwezi haujaisha, atanihamishia kisiwa cha mchanga kule mtoni. Alikuwa mwanafunzi wako. Neno lako kwake ni sheria. Njoo uniombee.

Binti yako,
Rehnuma

Bogura, 9 Februari

Mama yangu Rehnuma,

Wa aleikum salaam. Goti ni lile lile, mama yako ndiye amezidi ukali.

Siji kukuombea. Miaka thelathini na minane nilisimama mbele, nikasema, wakaitikia. Hata kunguru wa dirishani walijua kuzidisha kwa saba. Mtoto atajadili nini asichokijua? Nitakuja tarehe 24 nilifundishe darasa hilo mbele ya Badrul, mjionee wenyewe. Weka chaki tayari.

Baba yako

Kalitola, 26 Februari

Baba,

Asalaam aleikum. Ulifika salama? Uliondoka hata khichuri, wali wangu wa dengu, hujaionja, wala hukuniaga. Umekasirishwa na swali la mwanafunzi wangu Jhumur? Tangu juzi analia, eti amemvunjia mzee heshima. Ni mtoto tu, Baba, nami ndiye niliyemzoesha kuuliza. Badrul naye hajaondoa tishio lake. Nimeanza kufunga mizigo.

Rehnuma wako

Bogura, 5 Machi

Mama yangu,

Wa aleikum salaam. Goti halijambo, moyo ndio uliokuwa unachechemea.

Sikukasirika. Niliona aibu. "Geuza ya pili, kisha zidisha": nimewaimbisha watoto hivyo kila tulipogawanya kwa nusu au robo, maisha yangu yote, na kale kasichana kakauliza, "Mwalimu, kwa nini tunageuza?" Nikajibu, ndivyo ilivyo. Kakatoa chapati zake tatu, kakazikata katikati. "Tatu, kila mtu nusu, tunakula watu sita!" Darasa zima likashangilia.

Mimi nilikuwa namtazama Badrul. Naye aliwahi kuniuliza swali hilo hilo, akiwa na umri huo huo. Nilimchapa viboko viwili.

Hicho ndicho kilichonitoa mbio. Mwambie Jhumur afute machozi, hajanikosea kitu.

Nimemwandikia Badrul kumtaka radhi, na kumsihi asikuhamishe. Jibu lake limefika leo, mstari mmoja: "Mwalimu, hata mimi sababu nimeijua siku ile ya chapati, madawati yakae yalivyo."

Baba yako