Mafuta Chini ya Pikipiki ya Yaya

Jumatatu, tarehe 12 Mei 2025

Leo Nkambo, bibi yetu, ameteleza. Alikuwa anaenda kufungua mlango asubuhi, akakanyaga mafuta chini ya pikipiki ya kaka yangu, Yaya Ruphin. Ameangukia mkono. Hakuvunjika — asante Mungu, asante tena. Kiganja kimevimba tu. Yeye ndiye aliyecheka wa kwanza. "Musiogope, minajaribu kucheza."

Papa hakucheka. Ile sakafu nyekundu aliimwaga mwenyewe, na kila mwezi anaipaka nta akiwa amepiga magoti. Lakini leo hakuitazama sakafu. Alitazama mkono wa mama yake.

Nkambo Marceline analala sebuleni, na pikipiki inalala sebuleni, kama kwa watu wote wa mtaa wetu. Hapa Kasungami hatuna kuta za uani, tuna majani tu ya kuzunguka kiwanja. Ukiacha pikipiki nje, unaamka na alama za magurudumu.

Papa amesema: mpaka Jumapili. Ikiwa bado inavuja, itatoka, italala nje.

"Inje banaiba, Papa," Yaya akasema, pole pole.

"Basi batengeneze. Mama yangu hataikala na huile chini ya miguu."

Hakuna aliyesema neno juu yangu, lakini nilihesabu peke yangu. Yaya ndiye ananipeleka mjini, shuleni kwa masista, kabla hajaanza kubeba wateja. Pikipiki ikiibwa, nitaenda kukaa Karavia, karibu na shule, kwa Tantine Laurentine ili nisome. Tantine ni mwema. Ila Nkambo hayuko Karavia.


Jumanne, tarehe 13 Mei

Mardochée, fundi wa njia panda, amekaza tena bulon, ile bolti kubwa ya chini ya injini, pale mafuta yanapotokea. Amekaza kwa mguu! Jioni yakadondoka tena.

Sasa anasema labda afungue injini yote. Yaya ameshika kichwa. Injini ikifunguliwa, wiki nzima hatoki.

Nimesali rozari nusu. Nikalala katikati. Mungu anisamehe, anajua nilikuwa na jaribio la kemia.


Alhamisi, tarehe 15 Mei

Leo nataka kuandika vizuri, nisisahau.

Nimetoka shuleni, Mama alikuwa amemaliza kumwogesha mdogo wetu Caleb. Amempaka poudre, ile poda ya watoto, shingo yote, mweupe kama mkate ambao haujaokwa. Caleb hapendi kuoga. Amelia mpaka ametoa jasho. Nikaona kwenye ile poudre mstari mwembamba unashuka. Tunaona jasho shingoni kila siku, pale kwenye mikunjo linapokusanyika. Lakini halianzii shingoni. Lilianzia nyuma ya sikio.

Nikabaki nimesimama na mfuko wa shule mgongoni. Mama akaniuliza kama ninaumwa.

Nikamwomba poudre. Ya kufanyia nini? Ya pikipiki. Mama ameliangalia kopo. Ni jipya. Halafu akasema, "Usimalize. Mutoto iko na ngozi, pikipiki haina." Na akanipa. Nitakumbuka kwamba alinipa kabla sijaeleza.

Yaya aliporudi, tumeosha injini kwa petroli na mswaki wa zamani. Vumbi jekundu lilikuwa limeshikana na mafuta kama bugali uliogandia sufuria. Tumefuta, tumeacha ikauke, nikapaka poudre pande zote, juu na chini. Yaya akaanza kucheka. Majirani wakaja. Mmoja akauliza kama tunaipeleka ubatizo.

"Iwashe tu, Yaya. Usiende nayo. Iache hapa."

Akaiwasha. Tukachuchumaa. Kwanza hakuna kitu. Poudre nyeupe, safi. Injini ikapata moto, nikaanza kuona aibu. Halafu — juu kabisa, karibu na tangi la petroli, mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kutazama — poudre ikageuka kahawia. Doa dogo kama kunde. Likashuka ubavuni, likapita kwenye mapezi ya kupozea injini, likafika kwenye bulon ya chini. Likadondoka.

Yaya hakucheka tena. "Kumbe inatoka kule! Na siye tunakaza huku."

Bulon haina kosa, maskini. Inapokea tu ya wengine.

Ukiwa barabarani upepo unayasukuma mafuta chini na nyuma, vumbi linafunika njia. Ndiyo maana hatukuona. Ilibidi isimame.


Ijumaa, tarehe 16 Mei

Kule juu kuna kifuniko kidogo cha duara. Tumengoja injini ipoe, Yaya akakifungua. Ndani kuna pete ya mpira. Ilikuwa imebanwa bapa, na upande mmoja imekatika. Imekauka, ukiikunja inalia.

Yaya alikifungua kifuniko hicho mwezi wa pili, alipotengeneza soupape, valvu za injini. Alirudisha pete ileile, akakaza kwa nguvu zake zote. Yaya hukaza kila kitu. Chupa ya maji akiifunga yeye, sisi wengine tunakufa kiu.

Jaribio la kemia: 14 juu ya 20. Asante.


Jumamosi, tarehe 17 Mei

Tumeenda kwa Mardochée na pete ya zamani ndani ya karatasi. Nilifikiri atakasirika. Amesikiliza habari ya poudre mpaka mwisho, akaniambia nirudie, akapiga paja.

"Weye njo docteur sasa? Docteur wa bapikipiki?"

"Hapana, Papa Mardochée. Niko na mudogo mwenye analia sana."

Amecheka mpaka wateja wake wakageuka. Amemwaga kopo la pete mezani, tukazilinganisha. Ya kwanza nene. Ya pili nyembamba. Moja ikalala juu ya ile ya zamani sawasawa. Akasema tuipake mafuta kidogo kwa kidole kabla ya kuiweka, na tusikaze kama wendawazimu. "Ruphin, umusikie? Mukono yako ibakie kwa mufuko. Mutoto njo atakaza."

Basi tuliporudi nyumbani nimekaza mimi. Kwanza kwa vidole, halafu kwa clé, spana ya Yaya, kidogo, mpaka ikakataa. Yaya alisimama nyuma yangu na mikono mifukoni kweli. Sijui kama atajua siku moja jinsi nilivyofurahi kwamba aliniachia.

Papa alikuwa kizingitini. Amesema tu usiku huu italala ndani, na kesho kabla ya misa ataangalia sakafu mwenyewe. Tone moja, inatoka.

Nimepiga deki mara mbili pale itakaposimama.


Jumapili, tarehe 18 Mei

Naandika nikiwa nimesimama.

Niliamka kabla ya Papa. Nkambo alikuwa ameinama chini ya pikipiki, anafuta sakafu kwa ncha ya kitenge chake. Aliponiona alikunja ile ncha haraka, akaichomeka kiunoni.

"Nkambo, ilidondoka?"

"Minapangusa vumbi tu, mama."

Nilipiga deki mimi. Hapakuwa na vumbi.

Papa akatoka na shati lake jeupe la misa. Akatazama sakafu. Inang'aa. Nkambo akasema hakuna kitu, mwanangu, twende kusali. Papa akanigeukia. Ananiuliza mimi kwa sababu sijawahi kumdanganya, na anajua.

Nilitazama kiganja cha Nkambo. Bado kimevimba kidogo. Kama pikipiki inavuja, ni yeye atakayeikanyaga, si mimi.

"Sijui, Papa. Nkambo alipangusa."

Yaya akafumba macho. Nkambo akapiga makofi, mara moja, taratibu. "Eee! Masista banatuharibia mutoto." Lakini alitoa ile ncha ya kitenge, akaifungua mbele ya Papa. Alama nyeusi, ndogo kama ukucha wa Caleb.

Inaweza kuwa ni ya leo. Inaweza kuwa ni ya zamani, iliyobaki kwenye mapezi na kushuka usiku. Nikasema hivyo hivyo, zote mbili.

"Mama, juu ya nini ulificha?" Papa akauliza.

"Mukono itapona. Huyu akienda Karavia, mi nitaongea na nani? Na pikipiki?"

Nilimshukuru Nkambo moyoni, na nilimwomba radhi, vyote kwa wakati mmoja. Sikujua kwamba inawezekana.

Halafu Papa akamwambia Yaya aitoe nje uani, aiwashe, aiache ipate moto. Mama akasema misa inaanza. Papa akasema Mungu anajua anuani yetu.

Nimeingia kuchukua tochi. Naisikia injini inanguruma. Dirishani namwona Papa: amepiga magoti kwenye udongo mwekundu na lile shati jeupe, anainamisha kichwa upande huu na upande ule, haoni kitu.

Ananiita. Si Yaya — mimi. Anasema niende nimwonyeshe mahali pa kuangalia.