Minazi Yetu Chuoni Kwale

Mpwa wangu Hamisi wa Mwabungo,

Nisalimie mama yako, dada yangu mkali. Mvua ya huku Kwale haina adabu, imenilowesha hadi ndevu.

Jana mwanangu Rashidi alinipeleka kwenye chama cha wanafunzi chuoni kwao, ambako huwaalika wageni wenye elimu waje kuzungumza. Mgeni wa jana alikuwa kadhi. Akaeleza kwamba sheria humrithisha mtoto, wala si mpwa kama tulivyozoea sisi Wadigo. Nikaacha kutafuna mhogo wangu. Niliiwaza minazi yangu, ambayo wewe umeipalilia tangu utotoni.

Ulipofika wakati wa maswali, Rashidi akasimama. "Sheikh, baba yangu ni yule pale nyuma. Je, anaweza kumpa mpwawe mali angali hai?"

"Anaweza, akiwa na akili timamu, na akimkabidhi mbele ya mashahidi."

Rashidi akanigeukia. "Basi baba, mpe Hamisi minazi yake. Mimi nina kalamu."

Nami nikamgawia nusu ya mhogo wangu.

Tafuta mashahidi kabla sijarudi. Habari za akili yangu wasimuulize mama yako. Minazi nitakukabidhi, ila dafu la asubuhi utaniangulia mpaka nife.

Mola akulindie magoti ya kukwelea.

Mjomba wako, Bakari