Anayejibu Simu ya Nanyama

Ndabibi, 21 Juni 2025

Mama yangu Nanyama, mulembe. Habari ya Njoro na hiyo baridi? Mimi na kaka yako Jerry tuko salama. Tangu tumzike mama yako mzazi nyumba imekuwa kubwa, lakini tumezoea.

Jerry ananiambia utakuwa kwa maandamano ya tarehe ishirini na tano. Mwaka jana mlifunga barabara, mke wa jirani yetu Muturi akajifungulia kwa pikapu ya maziwa. Mtoto hakulia. Sisemi serikali ni nzuri. Nasema nchi yenye kura haifungwi na matairi. Ngoja kura ya 2027.

Baba yako

Njoro, 23 Juni

Baba, mulembe. Baridi ipo, lakini kikohozi changu kimeisha.

Mtoto wa Muturi sijamsahau. Safari hii wagonjwa watapita, na mimi ndiye nitasimama pale kuwafungulia. Lakini Jepleting, tuliyekuwa tunaishi naye hosteli ya chuo, alibebwa mchana na watu ndani ya gari bila nambari. Tungoje 2027 ndio tuulize ako wapi?

Ulinipa jina la mama yako, ukaniita Mama tangu nizaliwe. Basi nisikize mara moja kama mama.

Mama yako

Ndabibi, 26 Juni

Mama, mulembe. Simu yako haishiki tangu jana. Andika hata neno moja.

Baba yako

29 Juni

Mpendwa Baba, natumai u mzima wa afya. Mimi pia ni mzima. Nimetafakari maneno yako. Maandamano ni makosa katika nchi ya demokrasia, wananchi wangoje kura. Simu iliharibika na ujumbe wa zamani umefutika. Usipige, andika tu. Usije Njoro.

Binti yako

Ndabibi, 29 Juni

Mama, mulembe. Nimemshukuru Mungu. Hayo maneno ni yangu kabisa, lakini sijui kwa nini yamenitia baridi. Uko wapi? Unakula?

Baba yako

30 Juni

Baba, mbona unaniita Mama? Mama yuko hapo nyumbani. Mwambie asilie, nitakuja.

Binti yako

Ndabibi, 2 Julai

Wewe unayeshika simu ya mtoto wangu, mulembe. Sikujui, lakini nakusalimia kwa sababu pengine yuko karibu nawe na atasikia.

Jana nilienda Njoro. Kitanda chake kimetandikwa, viatu viko mlangoni. Kituo cha polisi waliniambia hawana mtu wa jina hilo.

Leo tumefunga barabara ya kwenda Naivasha: mimi, Jerry, Muturi na mkewe, na akina mama wa kanisa. Mke wa Muturi ndiye anafungulia wagonjwa. Dereva wa lori la maua ananitukana, anasema tungoje kura. Sijui kama haya tunayofanya ni haki. Najua niliposema tungoje, ni wewe uliyenikubalia.

Naona umesoma. Naona unaandika, unaacha, unaandika tena. Mpe yeye hiyo simu.

Baba yake