Dari Niliyoipaka Kabla Sakafu Haijapigiliwa

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na unijibu katika karatasi ya Ijumaa hii hii, maana mikono yangu bado ina rangi na moyo haukai. Mimi ni mjane wa hapa Dunda, Bagamoyo, na binti yangu Sabah anaolewa baada ya siku thelathini, na bwana arusi atakaa fungate kwetu katika chumba cha chini, kile cha kushuka ngazi tatu ambacho marehemu mume wangu alikuwa akiweka pembe za ndovu na sandarusi zake za biashara, na chumba ni kizuri, kina baridi, lakini dari yake ilikuwa haijamalizwa, boriti tupu na mawe yanachungulia katikati, nami nikawaza, siku saba kijana wa watu atalala chali anatazama nini? Basi nikaanza na boriti moja tu, wallahi moja, nione itakavyokuwa, nikaipaka ngeu ikawaka nyekundu, nikapaka ya pili, nikamwita jirani yangu Mosi anishikie ngazi, na kwa siku nne tumezimaliza boriti zote, na katikati yake chokaa nyeupe pe, inanidondokea usoni nami nacheka, sijafurahi hivi tangu nifiwe, na Sabah alipoingia alitazama juu hata akasahau kunisalimu.

Sasa tatizo. Kaka yangu Mbaruk, anayesimamia ujenzi, alinionya nisiguse dari mpaka sakafu ya juu yake ipigiliwe, na wanawake wa mtaa wamekwisha kualikwa waje Jumatatu na vipande vyao vya mti, wapige na kuimba siku tatu, na najua wakianza kupiga huko juu rangi yangu yote itashuka vumbi na maji ya chokaa yatachirizika kwenye boriti, kwa hiyo, Mungu anisamehe, nimemtuma Mosi awaambie wasije, Mbaruk ana homa, na Mbaruk hana homa, yuko Fukayosi anatafuta mbuzi wa harusi, anarudi Jumapili. Je, nimwambie sakafu ingoje mpaka fungate iishe?

Mama Sabah

*

Mama Sabah, mjane aliyepanda ngazi akapaka dari nzima kwa siku nne anastahili sifa, na nakusifu, tena nimefurahi nawe. Sifa zimekwisha.

Umemtia kaka yako homa asiyo nayo, na umemfanya Mosi mwongo mbele ya mtaa mzima. Hayo utayaombea radhi. Lakini kubwa si hilo. Sakafu isiyopigiliwa ni kifusi na chokaa vilivyokalishwa tu juu ya miti, havijashikana, na wewe mke wa mfanyabiashara, uliyekulia katika nyumba za mawe, unajua hivyo kuliko mimi. Umefikiria macho ya mkweo tu. Hukufikiria kwamba siku hizo saba nyumba itajaa, wanawake watapanda juu kucheza, hamsini, sitini, wote kwa mguu mmoja, na chini yao kitandani yupo nani?

Basi usingoje Jumapili. Jitande ushungi leo, utoke, upite nyumba kwa nyumba wewe mwenyewe, na useme, "Kaka yangu haumwi, niliogopea rangi yangu." Watakucheka. Waache wacheke, kisha wapikie wali siku zote tatu. Mbaruk akirudi, ayasikie kinywani mwako kabla hajayasikia sokoni, na akikaripia, nyamaza. Rangi itaharibika, usijidanganye. Dari iache ikauke siku kumi kamili, halafu pakeni upya wewe na Mosi, nafasi mnayo, na mara hii jipake mafuta ya nazi mikononi, chokaa isikuchome.

Na Jumatatu asubuhi, kabla ya pigo la kwanza, mpandishe Sabah juu pamoja na wenzake. Mpe kipande chake, aipige kwa mkono wake sakafu atakayolala chini yake.