Kiolezo cha Kola

Mume wangu,

Huku tunasukuma siku. Cherehani imepona. Mwanetu ana miaka saba sasa, amerefuka kama mlingoti, ila maneno bado yanamkwama.

Jana daktari aliuliza mbona hatukurudi kwa zile sindano za homoni ya kiume mtoto alipokuwa kichanga, kipimo kilipoonyesha ana kromosomu X moja ya ziada. Huenda zingemsaidia, alisema. Nikajibu kwamba barua ya kliniki ilipotea. Sikumwambia uliapa mwanao ni dume, hachomwi homoni.

Haikupotea. Niliikata ikawa kiolezo cha kola. Mashati yake yote ya shule nimeyakatia hicho, na kila nikikilaza juu ya kitambaa nasoma neno moja lililobaki: msichelewe.

Kimo humu ndani ya bahasha. Sasa kisome wewe.

Mkeo